Protini za Mwilini Zinazozuia VVU Mlangoni

Mume na mke wanaishi pamoja miaka minne. Wanalala kitanda kimoja na wamezaa mtoto. Mke anapata mimba ya pili, anapimwa kliniki ya wajawazito, anakutwa na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Mume naye anapimwa. Hana. Wanarudia kipimo baada ya miezi mitatu. Bado hana.

Mambo ya namna hii yapo katika vijiji vyetu. Yakitokea, maneno huwa mengi. Wengine husema kipimo ni kibovu. Wengine husema mke kasingiziwa. Wengine, na hawa ndio wengi, husema: "Damu ya huyu bwana ni kali. Ugonjwa umeikataa."

Leo tujifunze jambo hili. Ni kweli kwamba mwili wa binadamu una vitu vyake vya asili vinavyoweza kukizuia kirusi kisiingie ndani ya seli. Vitu hivyo ni protini. Wataalamu wamezichunguza na kuzipa majina. Lakini kati ya jambo hilo na "damu kali" pana umbali mkubwa, na mtu anaweza kupotea njiani. Kwa hiyo twende polepole.

PROTINI NA SELI

Neno protini tumelizoea katika somo la chakula. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vina protini. Tunasema vyakula hivi hujenga mwili, na ni kweli. Lakini ukila maharage, protini ya maharage haikai mwilini ikiwa vile vile. Tumbo na utumbo huivunja vipande vidogo vidogo. Kisha mwili huvichukua vipande hivyo na kujengea protini zake wenyewe. Ni kama kubomoa banda la zamani na kutumia matofali yake kujenga nyumba mpya. Matofali ni yale yale. Nyumba ni nyingine.

Mwili wa mtu una maelfu ya aina za protini. Nyingine ni misuli ya mikono unayolimia. Nyingine hubeba hewa katika damu. Nyingine hugandisha damu unapojikata. Na nyingine ni wajumbe. Hutoka katika seli moja na kupeleka habari kwa seli nyingine. Wajumbe hawa ndio tutakaowazungumzia zaidi.

Seli ni chembe hai ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Mwili wote umejengwa kwa seli, kama sega la nyuki lilivyojengwa kwa vijumba vingi vilivyoshikana.

JINSI KIRUSI KINAVYOINGIA

Kirusi hakiwezi kujitegemea. Hakili, hakipumui, wala hakizai chenyewe. Peke yake ni kama mbegu iliyo juu ya jiwe. Ili kizaliane, lazima kiingie ndani ya seli hai na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. VVU hupendelea seli nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili. Hizi ndizo zinazohesabiwa kliniki, mgonjwa akaambiwa: "CD4 zako zimeshuka," au "zimepanda."

CD4 yenyewe ni jina la protini. Imesimama nje, juu ya ngozi ya seli, kama mpini wa mlango. Mwaka 1984 wataalamu wa Ufaransa na Uingereza walionyesha kwamba kirusi hushika mpini huo. Lakini pakabaki fumbo. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani walizipa seli za panya CD4 ya binadamu, kisha wakazitia virusi. Virusi vilishika mpini. Havikuingia. Kwa hiyo ikajulikana kwamba mpini peke yake hautoshi. Mlango una kitasa pia.

Kitasa hicho kilitafutwa miaka kumi. Kilipatikana mwaka 1996. Ni protini nyingine iliyo juu ya ngozi ya seli, na jina lake ni CCR5. Kiko kitasa cha pili, kinaitwa CXCR4, nacho hutumiwa na virusi vya VVU vya aina nyingine. Majina haya si ya kukariri. Kumbuka hivi tu: virusi vinavyoanzisha maambukizi kwa mtu mpya mara nyingi hutumia kitasa cha CCR5.

Kirusi kikishashika mpini na kitasa, hufyatua ncha iliyokuwa imefichwa. Wavuvi wataelewa haraka nikisema ni kama chusa. Ncha inachoma ngozi ya seli. Kisha kirusi kinajivuta, ngozi yake inaungana na ngozi ya seli, na mzigo wake unamiminika ndani. Tutarudi kwenye chusa hiki baadaye.

Mama mmoja wa darasa letu la jioni aliuliza: "Kwa nini mwili uweke kitasa cha kumfungulia mwizi?" Ni swali zuri kuliko maswali niliyoulizwa nikiwa chuoni.

Kitasa hakikuwekwa kwa ajili ya kirusi. Kina kazi yake. Ukijikata mguu kwa jembe, baada ya muda mfupi kidonda huvimba, huwa chekundu na cha moto. Maana yake seli zilizoumia zimepiga yowe. Zimetoa protini ndogo ndogo, wale wajumbe, ambazo wataalamu huziita kemokini. Seli nyeupe zikipata ujumbe huo hukimbilia pale pale penye kidonda, kama wanakijiji waliosikia yowe la usiku na kutoka na marungu. CCR5 ndipo mahali seli inapopokelea ujumbe. Kirusi kimeuteka mlango wa kupokelea wageni.

KIJITI KATIKA TUNDU LA KUFULI

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ikiwa kemokini na kirusi hutumia kitasa kimoja, itakuwaje kemokini ikiwahi?

Umewahi kuona mtoto mtundu amechomeka kijiti katika tundu la kufuli? Ufunguo hauingii tena. Utazungusha, utasukuma, utagombeza watoto wote wa nyumba, kufuli halifunguki. Ndivyo inavyokuwa. Kemokini ikikaa kwenye CCR5, kirusi hakipati pa kushika. Tena lipo jambo la pili. Seli ikishapokea ujumbe, huivuta CCR5 ndani kwa muda. Hapo si tundu tu lililozibwa. Kitasa chenyewe kimeondoka mlangoni.

Jambo hili liligunduliwa kwa hatua. Mwaka 1986, Daktari Jay Levy na wenzake wa San Francisco, Marekani, waliona kwamba seli nyeupe za aina ya CD8 zinaweza kuzuia VVU visizaliane, bila kuziua seli zilizoambukizwa. Ilionekana zinatoa kitu fulani. Kitu gani? Watu walitafuta miaka mingi. Mwezi Desemba 1995, Fiorenza Cocchi, Paolo Lusso, Robert Gallo na wenzao walitangaza kwamba wamepata protini tatu zinazotolewa na seli za CD8, nazo zinazuia VVU. Zinaitwa RANTES, MIP-1 alfa na MIP-1 beta. Zote tatu ni kemokini. Zote hutengenezwa na mwili wa binadamu.

Wakati ule hawakujua zinazuia kwa njia gani. Miezi michache baadaye CCR5 ikapatikana, na ikaonekana kwamba protini zote tatu hutumia kitasa hicho hicho. Kundi moja lilikuwa linatafuta kufuli. Kundi jingine lilikuwa linatafuta kijiti. Wakakutana mlangoni. Kwa maoni yangu hii ni moja ya habari nzuri kabisa katika elimu ya UKIMWI, na inasikitisha kwamba haifiki vijijini ila kwa vipande vipande vya uvumi.

WATU WALIOZALIWA BILA KITASA

Mwaka huo huo 1996 wataalamu waliwachunguza watu waliokutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa. Baadhi yao walikutwa na jambo la ajabu. Wamerithi upungufu kutoka kwa baba na kwa mama, na seli zao haziweki CCR5 juu ya ngozi. Mpini upo, kitasa hakipo. Afya yao kwa kawaida ni nzuri. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, karibu mtu 1 kati ya 100 yuko hivyo.

Kutokana na habari hiyo alipona mtu mmoja, Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, Ujerumani. Alikuwa na VVU, kisha akapata saratani ya damu. Mwaka 2007 madaktari walimpa seli za kutengeneza damu kutoka kwa mtu asiye na CCR5. Mwaka 2008 wakarudia. VVU havikuonekana tena katika damu yake mpaka alipofariki mwaka 2020, naye alifariki kwa saratani ile ile iliyorudi. Matibabu hayo ni ya hatari sana. Hufanywa tu kwa mtu ambaye saratani ya damu ingemuua.

Hapa sikiliza vizuri. Upungufu huu wa CCR5 ni urithi wa watu wenye asili ya Ulaya. Kwetu Afrika karibu haupo kabisa. Tena hata mwenye urithi huo anaweza kuambukizwa na virusi vinavyotumia kitasa cha CXCR4. Kwa hiyo mtu wa kijijini kwetu anayejisifu kwa habari ya mgonjwa wa Berlin amevaa nguo ya kuazima, na wahenga wametuambia nguo hiyo haisitiri makalio.

Je, Waafrika hatuna kinga yetu ya asili? Tunayo. Tangu mwaka 1985, huko Nairobi, Kenya, katika mitaa ya Majengo na Pumwani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada wamekuwa wakifuatana na wanawake wanaojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Wanawake hao walikutana na VVU mara nyingi mno. Wengi waliambukizwa. Lakini wachache walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa. Walichunguzwa kwa makini. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba majimaji ya ukeni ya wanawake hao yalikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha protini moja ya asili iitwayo elafini. Elafini hulinda ngozi laini ya ndani ya mwili. Pia ilionekana kwamba seli zao za ulinzi zilikuwa zimetulia, hazikuwa na pirika nyingi. Kirusi hupenda seli zenye pirika, kwani humo huzaliana vizuri.

Lakini habari haikuishia hapo. Baadhi ya wanawake wale wale, baada ya miaka yote hiyo, waliambukizwa. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba walioambukizwa baadaye walikuwa mara nyingi wale waliopumzika au kupunguza kazi ile kwa muda. Kinga ya miili yao ilikuwa imelegea. Kwa hiyo hata walioonekana kuwa imara kuliko wote hawakuwa na hirizi.

MTO WENYE MAMBA

Mwaka jana bwana mmoja alikuja zahanati kuchukua majibu yake. Mke wake alikuwa na VVU, yeye hakuwa navyo. Nilimweleza habari ya kondomu na ya vidonge vya kinga. Akacheka. Akasema, "Daktari, mwanangu, mimi Mungu amenipa damu yangu. Ingekuwa ya kuingia, ingeshaingia." Nilimwamkia upya, maana ni mtu mzima, kisha nikamwuliza: "Mzee, ukivuka mto wenye mamba mara kumi na usiliwe, je, mamba wamekupenda?"

Ukweli ni huu. VVU havipiti kila mara watu wanapokutana kimwili. Inategemea wingi wa virusi katika damu ya mwenye navyo. Inategemea vidonda na magonjwa ya zinaa kama kaswende na kisonono. Inategemea kama mwanamume ametahiriwa. Na ndiyo, protini za mwilini nazo zina sehemu yake. Lakini hakuna kipimo katika zahanati yetu kinachoweza kumwambia mtu, "Wewe kemokini zako zinatosha." Aliyevuka jana hajui kama atavuka kesho.

Kwa nini protini hizi zinashindwa? Kwanza ni suala la hesabu. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, mwili wake hutengeneza virusi wapya wapatao bilioni 10 kila siku. Milango ni mingi, vijiti ni vichache, tena kemokini hazikai muda mrefu. Mwili huzitoa penye dharura na kuziondoa, kwa sababu zikijaa mwili mzima seli nyeupe zitakimbia huku na huko na mwili utaugua.

Pili, kirusi hujibadilisha. Kinaponakiliwa ndani ya seli hukosewa mara kwa mara, na katika makosa hayo hutokea kirusi kinachoweza kupita penye kizuizi. Mtu akikaa na virusi miaka mingi bila dawa, baadhi huhamia kwenye kile kitasa cha CXCR4, ambacho RANTES na wenzake hawakizibi.

Tena kirusi kina silaha. Ndani ya seli yumo mlinzi mwingine, protini iliyotambuliwa mwaka 2002, inayoitwa APOBEC3G. Kazi yake ni kuharibu maandishi ya kirusi yasisomeke. Lakini VVU huja na protini yao iitwayo Vif, ambayo humkamata mlinzi huyo na kumpeleka akavunjwevunjwe. Vita hii ni ya zamani kuliko sisi.

Sasa tulinganishe na dawa. Mwaka 2011 yalitangazwa majibu ya utafiti uliofanyika katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwamo. Wenzi 1,763 walishiriki, mmoja ana VVU na mwingine hana. Pale mwenye VVU alipoanza dawa za ARV mapema, maambukizi kwa mwenzi wake yalipungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hakuna protini ya asili iliyopata kufanya hivyo.

Bwana yule alikubali vidonge vya kinga mpaka virusi vya mke wake viliposhuka. Sasa mke anameza dawa kila siku saa mbili usiku, na mume ndiye anayemkumbusha.

KIPANDE CHA DAMU KINACHOSHIKA CHUSA

Nilisema tutarudi kwenye chusa. Katika mji wa Ulm, Ujerumani, wataalamu walijiuliza: Je, katika damu ya mtu vimo vitu vingine vya kuzuia VVU ambavyo hatujavijua? Ili kuvitafuta walihitaji damu nyingi sana. Wakapata njia. Wagonjwa wa figo husafishwa damu kwa mashine, na maji yanayochujwa humwagwa. Watu hawa wakayachukua maji hayo, wakatenganisha vitu vilivyomo, wakajaribu fungu moja baada ya jingine.

Mwaka 2007 walitangaza walichokipata. Ni kipande kidogo cha protini ya damu, chenye viungo 20 tu. Wamekiita VIRIP. Kipande hiki hakizibi kitasa. Kinashika ile ncha ya chusa kabla haijachoma seli. Kirusi kimeshika mpini, kimeshika kitasa, lakini hakiwezi kuchoma. Baadaye walikirekebisha kiwe na nguvu zaidi. Mwaka 2010 wakaeleza kwamba wagonjwa 18 walipewa dawa hiyo kwa siku 10, nao waliopata kipimo kikubwa virusi vyao vilipungua sana. Ila dawa yenyewe ilikuwa ya kuingizwa mshipani mfululizo usiku na mchana. Nani kijijini ataishi na dripu mkononi? Kwa hiyo haijawa dawa ya kutumika.

Njia ya kuziba kitasa imefika mbali zaidi. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho maraviroc, ambacho hukaa kwenye CCR5 kwa kazi ile ile ya kijiti. Si protini, ni kemikali ya kiwandani, lakini wazo lilitoka mwilini. Dawa hii si miongoni mwa vidonge tunavyogawa zahanati, na huna sababu ya kuitafuta. Vidonge tunavyogawa hukizuia kirusi kikiwa tayari ndani ya seli, na vinafanya kazi vizuri.

Nasema hivi kwa sababu ya mnadani. Siku za mnada utawaona watu na chupa zao. Wanauza "unga wa kuongeza CD4", "protini ya kinga", "dawa ya kusafisha damu". Sasa umeshajua la kuwauliza. Protini ukiinywa, tumbo litaifanya nini? Litaivunja vipande, kama lilivyovunja maharage. Haiendi kukaa kwenye kitasa cha seli. Kwa fedha ya chupa moja nunua mayai na maharage, ule ushibe. Chakula kitausaidia mwili kujenga protini zake na kuhimili dawa. Lakini usiache kidonge hata siku moja kwa sababu umekula vizuri.

MATE NA KIKOMBE

Hapa nitasema machache. Mate ya binadamu yana protini zake za ulinzi. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba moja ya protini hizo inazuia VVU katika maabara. Tena virusi vilivyomo katika mate ni vichache sana. VVU haviambukizwi kwa kushirikiana kikombe, sahani, wala kijiko. Mwenye kumtengea ndugu yake bakuli la peke yake anamwumiza bure.

MAZIWA YA MAMA

Hili ndilo linalowatia hofu wengi, nami nalielewa. Mama mwenye VVU anaambiwa amnyonyeshe mtoto. Anawaza, "Maziwa yangu yana virusi. Je, namlisha mwanangu sumu?" Wengine hunyonyesha mbele ya mhudumu, na wakifika nyumbani hukoroga uji.

Mama, sikiliza. Hata kabla dawa hazijapatikana, watoto wengi walinyonya miezi mingi maziwa yenye virusi bila kuambukizwa. Wataalamu walishangaa. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza kwamba wamepata katika maziwa ya mama protini iitwayo tenasini-C. Ilikuwa inajulikana tangu zamani kwa kazi ya kuponya vidonda. Sasa wakaona kwamba hushika ngozi ya kirusi na kukizuia kisiingie ndani ya seli. Katika maziwa hayo zimo na protini nyingine za ulinzi, kama laktoferini, pamoja na kingamwili za mama.

Lakini usisahau tulichojifunza. Protini hizi huwasaidia watoto wengi, hazikuwasaidia wote. Bila dawa, wapo watoto walioambukizwa kwa kunyonya, na hatuwezi kujua mapema ni yupi. Kwa hiyo protini ya maziwa iwe msaidizi, na dawa iwe mlinzi mkuu. Mama ameze ARV kila siku, wakati wa mimba na wakati wote wa kunyonyesha, na aendelee baadaye. Mtoto apewe dawa yake ya maji kama alivyoelekezwa kliniki.

Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake. Asipewe maji. Asipewe uji, wala maziwa ya ng'ombe, wala dawa ya mchango ya bibi. Najua mabibi hawatanipenda kwa neno hili. Lakini mwaka 1999, huko Durban, Afrika Kusini, ilionekana kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Inadhaniwa kwamba vyakula hivyo hukwaruza utumbo laini wa mtoto na kuita seli nyeupe nyingi pale, nawe unajua sasa seli hizo zina mlango gani. Baada ya miezi 6 mwanzishie vyakula vingine, huku ukiendelea kunyonyesha na kumeza dawa.

Ziwa likivimba, likiuma, au chuchu ikichanika, usingoje siku ya kliniki. Njoo zahanati siku hiyo hiyo, kwa maana virusi katika maziwa huongezeka wakati huo. Endelea kumnyonyesha ziwa lililo zima. Lile linalouma likamue na kumwaga maziwa yake mpaka litakapopona.

Kipimo cha mtoto hufanywa kwa tone la damu ya kisigino akiwa na wiki 6, kisha hurudiwa, na cha mwisho hufanywa baada ya kuacha kunyonya. Mlete siku iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama amenona na anacheka.